Dawa ya Mama na Akamwani ya Masaka

Mama yangu aliugua ugonjwa ambao kijijini kwetu Ijumbi hakuna aliyekuwa ameuona. Tulijua homa, tulijua kifua, tulijua tumbo, na tulijua uchawi, ambao ulibebeshwa lawama ya yote yaliyobaki. Mama alikunywa maji ya mtungi mzima na kiu isiishe. Akakonda mpaka pete ya ndoa ikamvuka kidoleni, akaitia uzi na kuivaa shingoni. Nyuma ya nyumba, pale alipojisaidia usiku, sisimizi walipanga mstari kama waumini siku ya Chakula cha Bwana.

Daktari wa misheni alimpima akasema ni sukari. Alisema dawa ipo, inaitwa insulini, ni ya sindano asubuhi na jioni, na mgonjwa akiikosa siku chache tu atakufa. Kisha akamwambia kwa upole apunguze ndizi. Mhaya kuambiwa apunguze ndizi ni kuambiwa apunguze kuwa Mhaya. Mama akauliza, "Nile nini basi, daktari? Kitanda?"

Vichupa vya kwanza tulipewa hospitalini bure, na hadi leo namshukuru Mungu kwa ajili ya mikono iliyovitoa. Lakini akiba ile ilikuwa ndogo, ya dharura, na baada ya wiki chache mama hakuwa tena dharura. Alikuwa amekuwa desturi. Basi daktari akaniandikia karatasi ya dawa, akanielekeza Bukoba mjini.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya kanisa, na mshahara wangu ulikuwa wa kiroho zaidi kuliko wa kimwili. Baba alikuwa ameshatangulia. Kibanja chetu kilitoa kahawa mara moja kwa mwaka, na ugonjwa wa mama ulidai kila mwezi. Mwezi wa kwanza niliuza mbuzi. Mwezi wa pili niliuza baiskeli, na kwa hiyo mwezi wa tatu nilipata neema ya kwenda kwa miguu hadi Kemondo kutafuta lori la kunifikisha mjini.

Mwenye duka la dawa alikuwa mtu wa adabu sana. Kila nilipoingia aliniuliza hali ya mama, akasikitika kwa dhati, kisha akapandisha bei. Siku moja nilimwuliza kwa nini.

"Dawa imesafiri, mwalimu," alisema. "Imetoka Uingereza. Imepanda meli, imepanda treni, imepanda meli tena ya ziwani."

Nikamwambia kwamba hata dawa inayouzwa Uganda, ambayo nilikuwa nimesikia ni nafuu kidogo, imetoka hukohuko, tena kwa meli hizohizo.

"Ndiyo. Lakini ile inashuka mapema. Inayofika huku imechoka."

"Na bei yake haichoki?"

"Bei haichoki," alinijibu, akanifungia vichupa vyangu kwenye gazeti la zamani kwa uangalifu wa mama anayemvisha mtoto.

Aliyetuokoa, au aliyejaribu, alikuwa mjomba, kaka yake mama. Yeye alikaa Kashozi na alikuwa Mkatoliki, maana ukoo wetu uligawanywa kati ya wamisionari kama watu wanavyogawana nyama ya arusi, kila mmoja akachukua kipande kilichokuwa karibu naye. Alikuwa na mkwe wake kule Masaka, na alivuka kwenda Uganda mara nyingi. Alikuja kumwona dada yake, akasikia bei ya dawa, akacheka hadi akashika ubavu. Alisema Masaka vichupa vilevile, vyenye karatasi ileile ya rangi, vinauzwa chini ya nusu.

"Nyinyi Walutheri mnaomba tu," alisema. "Sisi tunaomba na kuuliza bei."

Mama akamwambia kwamba akiendelea kumchekesha sukari itapanda. Lakini macho yake yalikuwa kwangu, nami nilielewa. Nilipouliza kama kuna sheria inayokataza kuleta dawa kutoka upande wa pili, mjomba alinisogelea.

"Mpwa wangu, sheria ya kuzuia kitu kizuri ipo daima, hata kama bado hawajaiandika. Wewe ifiche."

"Niifiche wapi?"

"Kwenye akamwani. Nani atapekua akamwani ya mtu?"

Hilo lilikuwa kweli, na kwa msomaji wa mbali sina budi kulieleza. Akamwani ni buni changa tunazochemsha na majani ya harufu nzuri, tukazianika mpaka zikauke, tukazitafuna. Mgeni hupewa hizo kabla ya kitu kingine chochote. Unatoa kwa mikono miwili, naye anapokea kwa mikono miwili. Hukatai. Ukishaitia mdomoni huitoi mbele ya aliyekupa. Na watu waliotafuna pamoja hawatazamiwi kutendeana mabaya, angalau siku ile. Kutia mkono kwenye akamwani ya mtu bila kukaribishwa ni kama kumpekua mfukoni akiwa anasali.

Nilimwomba Mungu anionyeshe njia. Na kwa kuwa mjomba alikuwa ameketi palepale, nilichukulia kwamba jibu limepitia kwake. Katika maisha yangu nimefanya kosa hilo mara kadhaa, la kudhani kwamba aliye karibu zaidi ndiye aliyetumwa.

Ilikuwa likizo ya shule. Kichupa cha mwisho cha mama kingeisha Jumapili. Niliondoka Jumatano.

Njiani nilijitayarisha moyoni kwa ajili ya mpaka. Nilikuwa nimefundisha jiografia, nimechora mstari ule ubaoni kwa chaki nyekundu mara nyingi, na nilitazamia angalau ukuta. Tulivuka mto Kagera pale Kyaka, tukaenda na nyika ile ndefu mpaka Mutukula, na dereva akasema tumeshaingia Uganda. Niliona kibao na mbuzi. Mbuzi alikuwa wa Tanganyika. Akavuka kufuata majani akawa wa Uganda, na hakuna aliyemwuliza karatasi. Pande zote mbili tulitawaliwa na Malkia mmoja na tukatumia shilingi moja. Tofauti pekee niliyoweza kuiona ilikuwa bei ya dawa ya mama.

Masaka nililifikia duka la dawa Alhamisi asubuhi. Mwenyewe aliisoma karatasi ya daktari, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Bukoba.

"Duka la pale halina?"

"Linayo."

Akacheka polepole. "Yule ni mdogo wangu. Tumbo moja, baba mmoja." Akanipa vichupa vinne kwa bei ambayo mjomba alikuwa ameisema, akaichoma karatasi yangu kwenye msumari wa kumbukumbu zake, akanituma salamu: nimwambie mdogo wake kwamba barua ya mama yao imefika na kwamba mama anamlalamikia haandiki. Nikaondoka nikitafakari jinsi familia moja inavyoweza kuishi katika nchi mbili na kuwa na dhamiri mbili.

Usiku ule nililala kwa yule mkwe wa mjomba. Asubuhi, nilipoaga, mke wake alinipa akamwani iliyofungwa kwenye jani la mgomba, furushi kubwa la heshima, kwa ajili ya mama. Kapu langu nilikuwa nimelitandika maganda mabichi ya shina la mgomba, yale yenye maji, kwa sababu daktari alikuwa ameonya kwamba dawa ile haipendi joto. Nikavifunga vichupa kwa kitambaa chenye unyevu, nikavilaza katikati ya maganda, kisha nikalifungua lile furushi na kumwaga akamwani yote juu yake. Nilijiona mwerevu kuliko yule aliyetia kikombe katika gunia la Benyamini. Nilisahau kwamba kikombe kile kilitiwa guniani ili kipatikane.

Lori letu lilibeba samaki wakavu na watu wapatao kumi na watano. Tuliporudi upande wetu, kabla ya kufika Kyaka, tulikuta gogo limelazwa barabarani, na kando yake kibanda cha mabati. Wakati wa kwenda gogo lile lilikuwa limeinuliwa na kibanda kimefungwa, kwa sababu serikali ilikuwa imekwenda kula. Sasa ilikuwa imeshiba na imerudi. Serikali yenyewe ilikuwa askari mmoja na mkaguzi wa kahawa. Kazi ya mkaguzi ilikuwa kuhakikisha kwamba kahawa ya Uganda haiingii ikachanganyika na ya Bukoba, kana kwamba buni nazo zina ubatizo.

Mkaguzi alikuwa Mhaya wa Kiziba, kijana wa rika langu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi hadi ingeweza kusimama bila yeye. Alitushusha wote, akapita mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliona koti langu na kitabu cha nyimbo mkononi, akalainika.

"Mwalimu?"

"Ndiyo, waitu, wa Ijumbi," nilimjibu kwa heshima ya kwetu.

Hapo ndipo mikono yangu iliponisaliti. Nilikuwa nimesimama mbele ya mtu mwenye cheo, mtu wa kwetu, aliyenisalimu vizuri, na nilikuwa na akamwani. Mama alikuwa ameifundisha mikono ile tangu ikiwa midogo, nayo haikungoja shauri la kichwa. Ilifunua kapu, ikachota, ikanyoosha.

"Karibu akamwani, waitu."

Na mikono yake nayo ilikuwa imefundishwa na mama yake. Ilipokea, yote miwili, ikatia mbili mdomoni. Akatafuna. Nikayaona mataya yake yakienda vizuri, kisha yakienda polepole, kisha yakisimama.

"Nzuri," alisema. "Ya wapi?"

Katekisimo niliijua kwa moyo, pamoja na amri ya nane, ile ya kutosema uongo, na maelezo yake. Nikasema, "Masaka."

Abiria wote wakanyamaza. Hata kuku wa bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu walinyamaza, au mimi sikuwasikia tena. Mkaguzi alisimama na ushahidi kinywani, hawezi kuutema, maana mimi niliyempa nilikuwa mbele yake. Akaendelea kutafuna kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu. Kisha akaingia kibandani akatoka na barua ya wakubwa wake, akanisomea. Kahawa ya namna yoyote, kwa kiasi chochote, ichukuliwe pamoja na chombo chake na vyote vilivyomo, itiwe lakiri, ingojee gari la serikali. Nikamwuliza gari litakuja lini. Alisema lilikuwa limepita jana, na kwa kawaida hupita mara moja kwa wiki.

Akaleta kipande cha nta nyekundu na kiberiti. Ndipo nikamwambia kwamba chini ya kahawa kuna dawa.

Alitia mkono, akatoa kichupa kimoja, akakiinua kwenye mwanga. "Kwa nini umeificha?"

"Nilisikia inazuiwa."

"Nani anazuia dawa?" Akamgeukia askari. "Dawa inazuiwa hapa?"

Askari alifikiri kwa uaminifu. "Haijapata kuzuiwa," alisema. "Wanapita nayo mikononi."

Mkaguzi akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Kwa hiyo umeficha kitu halali ndani ya kitu haramu."

"Ndiyo, waitu."

"Unafundisha nini wewe?"

"Hesabu na dini."

"Mungu awasaidie watoto wa Ijumbi," alisema, na abiria mmoja akaitika amina.

Nilimsihi avitoe vichupa, abaki na kapu. Alisema angevitoa kama asingekwisha kuviona. Sasa vilikuwa ndani ya "vyote vilivyomo", na akivitoa, wakubwa watauliza ni nini kingine alichokitoa. Aliyasema haya bila ukali. Jua lilikuwa linapanda. Maganda ya mgomba yalikuwa yameanza kujikunja kingo. Sikuwa na hila nyingine, nami namshukuru Mungu kwamba sikuwa nayo, maana ile ya kwanza ilitosha. Nikamwambia jambo lenyewe.

"Mama anaugua sukari, na dawa yake inaisha Jumapili. Nikifika bila hii, kabla ya wiki kwisha tutamzika."

Mkaguzi aliukunja ule waraka, akaukunjua, akaukunja tena.

Yule bibi mwenye kuku akasogea mbele. Alikuwa mfupi, na alizungumza Kihaya kwa sauti ya mtu aliyezoea kusemesha wajukuu.

"Mwanangu, na wewe si umeila? Ushahidi mwingine uko tumboni mwako. Utajitia lakiri na wewe, ungojee gari?" Kisha akanigeukia mimi, akanyoosha mikono miwili. "Nipe na mimi. Nimetoka Masaka sijatafuna kitu."

Mkaguzi alimtazama bibi, akalitazama kapu, akautazama mlima uliokuwa ng'ambo ya nyika. Mwishowe akasema, kama anayesema na mlima, kwamba bado hajakagua magurudumu ya lori, na kwamba akirudi ndipo atapima kiasi cha kahawa kilichomo. Akaenda. Sijapata kumwona mtu anayekagua magurudumu kwa utulivu kama ule. Aliinama kwenye kila moja. Moja alilipigapiga kwa kiganja kama ng'ombe.

Nami nikagawa. Nilipita kwa kila abiria, nikitoa kwa mikono miwili, nao wakipokea kwa mikono miwili, na Mungu anisamehe kwa kuwa nilikumbuka ibada ya Chakula cha Bwana. Bibi alichukua mara tatu. Dereva alijaza shavu moja, kisha akalisawazisha na la pili. Mzee asiye na meno alisema hawezi kutafuna lakini anaweza kuiweka tu mdomoni, akaiweka. Askari alichota konzi, akasema anachukua kwa niaba ya serikali. Pale kizuizini yalisikika mataya tu ya watu wakiila kesi yangu kwa adabu.

Mkaguzi alirudi akachungulia kapuni. Palibaki maganda ya mgomba, kitambaa chenye unyevu, na buni moja iliyonasa kwenye ubavu wa kapu. Aliitoa kwa vidole viwili, akaitazama, akaila. Kisha akafungua daftari lake akaandika, akisema kwa sauti ili sote tusikie: "Kapu moja. Kahawa, hakuna. Dawa, hainihusu."

Tulifika Bukoba mchana, na kwa kuwa nilikuwa nimetumwa salamu, nilizifikisha. Nilimwambia mwenye duka kwamba barua ya mama yao imefika na kwamba mama analalamika. Aliliona kapu, akaelewa.

"Kaka yangu amekuuzia bei gani?"

Nikamtajia. Akaegemea kabati lake la vioo.

"Hata mimi hanipi bei hiyo," alisema. Na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, jambo ambalo halikupunguza furaha yangu.

Lori la kuelekea kwetu nililipata kesho yake, na Jumamosi jioni nilikuwa nyumbani. Nilichemsha sindano, nikavuta dawa kwenye kichupa kipya, nikamchoma mama mkononi, naye akafumba macho akasema sala fupi kama alivyofanya kila mara. Kisha akafumbua.

"Na akamwani ya wenyeji wako iko wapi? Hawakunitumia?"

Nikamsimulia. Mjomba alikuwapo pia, amekuja kutoka Kashozi ili apokee sifa. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akamgeukia kaka yake, akamwuliza kama yeye amewahi kupitisha dawa mpakani hata mara moja. Mjomba alikohoa. Ilionekana kwamba hajapata kupitisha hata kidonge. Alichokuwa akikipitisha ni sabuni, kwenye akamwani, kwa miaka mingi, akiogopa sheria ya sabuni. Hakuna aliyepata kuitafuta ile sabuni. Yeye alidhani ni kwa sababu anaificha vizuri.

"Kumbe ndiyo maana akamwani yako hutoa povu," mama alisema. Ndipo tukacheka, naye mjomba akacheka mwishoni, kidogo.

Baada ya hapo mjomba na mimi tulipokezana safari za Masaka, na mama akaishi miaka ambayo daktari hakuwa amemwahidi. Lakini safari ya pili alinituma mimi, si mjomba. Wiki nzima kabla yake alikuwa ameshughulika na chungu chake, akachuma buni kibanjani kwa mkono wake, akachemsha na majani, akaanika juani, akamfukuza kila kuku aliyekaribia. Akanifungia furushi. Alisema ni la yule kijana wa watu.

Wakati wa kwenda kibanda kilikuwa kimefungwa tena; nilikuwa narudi kutoka Masaka nilipomkuta kwenye gogo lake. Safari hii vichupa nilivishika mkononi, vimefungwa kwenye ganda la mgomba, wazi kwa yeyote mwenye macho.

"Una nini, mwalimu?"

"Dawa."

"Chini ya dawa?"

"Dawa."

Kama sikukosea, alisikitika kidogo. Ndipo nikatoa furushi la jani kwenye mfuko wa koti nikampa kwa mikono miwili. Alipokea, akalifungua, na kwa kuwa kazi ni kazi, akauliza imetoka wapi.

"Ijumbi. Mama ameichemsha mwenyewe."

"Yule wa sukari?"

"Huyohuyo."

Akatia mbili mdomoni, akatafuna bila haraka, akaenda kutuinulia gogo.